Baba Anatutambua kwa Viatu

Shikamoo, Somo.

Nakuandikia usiku, nyumba imelala. Nimekaa barazani hapa Kuze, Mombasa, na ndani namsikia babangu akikoroma. Siku hizi kukoroma kwake ndiko kunakonipa raha, maana akilala chali kichwa chake hukaa mahali pake. Asubuhi akiinuka kitandani huwa kiko sawa kwa muda, halafu kinaanza kushuka. Ikifika saa nne kidevu kimeshagusa kifua.

Baba ana miaka 71. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za mkono, za vitundu, ambazo moja huchukua miezi mpaka iishe. Miaka sita iliyopita aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Ulianza na mkono wa kulia kutetemeka hata akashindwa kutunga uzi. Amekuwa akitumia levodopa mara tatu kwa siku, nasi tulikuwa tumeshazoea. Asubuhi mzito, dawa ikishika anakwenda kuswali msikiti wa Mandhry na kurudi kwa miguu yake, alasiri anacheza bao.

Ramadhani iliyopita alikataa katakata kula mchana. Akavihamisha vidonge: kimoja daku, kimoja futari, kimoja akenda kulala. Mwili ukakakamaa wote. Baada ya Idi tukampeleka kliniki moja ya binafsi, akaongezewa kidonge kipya. Jina nimelinakili kwenye kisanduku: pramipeksoli. Kikamtia kichefuchefu. Mimi nikateremka duka la dawa, nikaeleza, nikauziwa vidonge vya kuzuia kutapika, metoklopramidi. Akatulia. Wiki tatu baadaye ndipo nikaona kichwa kinainama. Mwanzo ilikuwa jioni tu, tukadhani ni usingizi. Sasa yapata mwezi mzima ni kutwa.

Hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mama humwambia mara mia kwa siku, "Inua kichwa, watu wanakutazama!" Naye hukiinua, hesabu mpaka tano, kimeshuka. Ami anasema ni kushona kofia miaka arobaini, shingo imeshika umbo la kazi, dawa yake ni hijama, kuumikwa damu, nyuma ya shingo. Kakangu amenunua kola ngumu ya shingo na anataka Baba aivae tangu asubuhi mpaka usiku. Imeshamchubua kidevu. Jirani ameleta unga wa upupu kwenye chupa ya asali, anaapa kuwa ndiyo dawa ya kutetemeka. Na wapo wanaonong'ona mambo mengine ambayo sitaki kuyaandika.

Msikitini mtu mmoja alisema kwa sauti kuwa mzee siku hizi analala kwenye hotuba. Tangu hapo Baba anaswalia nyumbani.

Juzi nilimwekea uji. Kofia ikamvuka, ikatumbukia bakulini. Hakucheka mtu. Aliitoa kwa mkono ule unaotetemeka, akaikamua, akaiweka pajani. Akasema, "Hii niliishona mwaka uliozaliwa wewe."

Anatutambua kwa viatu, Somo. Mpwa wake aliporudi kutoka Oman alisimama mbele yake na kumsalimu, Baba akamwambia, "Viatu hivi sivijui, wewe ni nani?" Na mimi aliniambia, "Mwanangu, makubadhi yako yanakatika ukanda wa kushoto." Nikaenda jikoni, nikalia.

Nataka kujua kama ni shingo au ni ugonjwa, na kama kichwa kitarudi. Na jambo la mwisho: mimi ndiye niliyenunua vile vidonge vya kutapika. Je, nimemdhuru babangu?

Binti wa mshona kofia, Kuze

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeliweka mwisho lile linalokunyima usingizi, basi nianze nalo. Kidonge ulichouziwa kinapingana na ugonjwa wa babako. Parkinson ni upungufu wa dopamini kwenye ubongo, ile kemikali inayoyafanya maungo yatembee kwa ulaini. Levodopa huingia mwilini ikageuka dopamini. Metoklopramidi kazi yake ni kuziba milango ya dopamini. Inaziba ile inayoleta kichefuchefu, ndiyo sababu alitulia, lakini inaingia ubongoni pia na kuziba ile anayoihitaji ili asikakamae. Ni sawa na kumjazia mtu mtungi kwa kata huku mwingine amekitoboa kitako. Hukuwa na njia ya kulijua hilo. Aliyekuuzia alipaswa kukuuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Kwa mgonjwa wa Parkinson madaktari kwa kawaida huchagua domperidoni, ambayo haivuki sana kuingia ubongoni, nayo huandikwa baada ya kuuliza habari za moyo.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya dozi nyingine ya metoklopramidi, mpigie simu daktari na umwambie jina la kidonge hicho. Usingoje siku ya kliniki.

Sasa lile la pili, ambalo hukuliuliza ila limo ndani ya barua yako, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Soma tena aya yako ya Ramadhani. Dawa zilihamishwa saa, mwili ukakakamaa. Kikaja kidonge kipya, kikaja cha kutapika, na wiki chache baadaye kichwa kikaanguka. Ninyi nyote hapo nyumbani mnaitazama shingo. Itazameni kalenda kwanza.

Pramipeksoli ni katika jamii ya dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Huwasaidia wengi. Lakini imeshaandikwa mara nyingi na madaktari kwamba kwa baadhi ya wagonjwa dawa za jamii hiyo huinamisha kichwa, na kwamba kwa baadhi yao kichwa kilirudi dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa. Sisemi kwamba ndiyo kisa cha babako. Parkinson yenyewe inaweza kuinamisha kichwa bila ya dawa yoyote kuhusika. Ila dawa ndicho chanzo kinachoweza kuondolewa, kwa hiyo ndicho cha kuchunguzwa kwanza, tena mapema, kabla misuli na kano za mbele ya shingo hazijafupika zikakataa kunyooka.

Hapa nakushika mkono kabisa: msiikatize pramipeksoli wenyewe. Wala levodopa. Dawa za Parkinson zikikatwa ghafla mtu anaweza kukakamaa mwili mzima, akapanda homa kali, akachanganyikiwa, na hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali. Hupunguzwa ngazi kwa ngazi, na anayeshika ngazi ni daktari.

Umenisaidia sana kwa jambo moja uliloliandika kama kwamba si kitu: akilala chali kichwa hukaa mahali pake. Kinashuka anaposimama na anapoketi, kinarudi kwenye mto. Maana yake shingo bado inakunjuka. Yuko mgonjwa ambaye hata kitandani kichwa hubaki kinaelea juu ya mto, na hata ukikisukuma hakiendi. Huyo mambo yake ni magumu zaidi. Babako hajafika huko. Kila usiku, akishalala, mtazame: kisogo kinagusa godoro akiwa na mto mwembamba? Siku ambayo hakigusi, iandike.

Ami anataka kujua ilikotoka. Mwambie ugonjwa huu ulielezwa London mwaka 1817 na daktari James Parkinson, katika kitabu kidogo kuhusu watu sita, na humo humo alieleza kwamba ugonjwa ukiendelea kidevu hushuka kifuani kikawa karibu hakiinuki. Si washona kofia wale. Kuinama huku kwa kichwa hakutokei kwa kila mgonjwa. Makadirio mengi ni kama watano au sita katika kila mia. Mabaharia huinama, makarani huinama, walimu huinama, na akina mama wanaokuna nazi juu ya mbuzi huinama tangu utotoni. Vichwa vyao viko juu.

Kinachotokea ndani ya shingo hakifanani kwa wote, na ndiyo maana sitaki mumkabidhi mtu yeyote shingo hiyo kabla haijapimwa. Kwa wengine misuli ya mbele inavuta bila ya kuambiwa. Madaktari wanaita distonia. Kwa wengine misuli ya nyuma, ile inayokibeba kichwa, imedhoofika. Kwa wengine ni yote mawili pamoja na ule ukakamavu wa Parkinson. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Chukua pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, uzishike kwa mkono ulionyooka mbele yako, uhesabu mpaka tano. Hapo utajua kwa nini kila Mama akimwambia ainue kichwa, kinashuka.

Yapo pia maradhi mengine yanayoangusha kichwa, na mtu kuwa na Parkinson hakumkingi nayo. Mwangalie haya: kope zinazolegea, kuona vitu viwili viwili, taya linalochoka katikati ya kutafuna, sauti inayofifia kadiri siku inavyokwenda. Hiyo inaweza kuwa miastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, nayo ina dawa yake mbali kabisa na hizi. Tezi ya shingo ikilegea kazi yake, misuli hudhoofika. Kipimo ni cha damu tu. Potasiamu ikishuka, vivyo hivyo. Na akianza kupata ganzi mikononi, miguu ikakosa nguvu ghafla, haja ikamponyoka, akapumua kwa shida, au kichwa kimeanguka baada ya yeye kujikwaa na kuanguka, msikae kujadiliana. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Madaktari wa neva, yaani wa ubongo na mishipa ya fahamu, ni wachache huku Pwani, nayajua hayo, nimefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya macho kunichosha. Anzeni kwa daktari aliyeandika kidonge kipya. Kama hapatikani au hataki kusikiliza, nendeni hospitali ya Coast General mkaombe kuonana na daktari mkuu wa maradhi ya ndani, yeye ndiye atakayeandika barua ya kwenda kwa mtu wa neva na ya kwenda fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Msiende na maneno matupu. Chukua mfuko wa plastiki, utie kila dawa iliyomo nyumbani, za daktari, za dukani, za jirani. Halafu tumia simu yako. Mpige video fupi tatu kwa siku moja, kutoka ubavuni: akiamka, saa moja baada ya levodopa, na jioni. Kama kichwa hupanda kidogo dawa inaposhika, daktari atajua kuwa levodopa yenyewe inahitaji kurekebishwa. Kama hakipandi hata kidogo, hiyo nayo ni habari. Daktari ana dakika kumi na foleni imefika mlangoni. Video tatu zitamweleza kuliko maneno yetu ya "siku hizi hali si nzuri".

Ataulizwa pia kama hupata kizunguzungu akisimama na kama mkojo unamsumbua. Usishangae. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson, ambao kichwa kuinama humo ni jambo la kawaida zaidi, na maswali hayo ndiyo humsaidia daktari kuutenga.

Unga wa upupu. Jirani yenu si mjinga, nisije nikamvunjia heshima. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ile ile ya kidonge. Sote tuliokulia huku tunaujua upupu kwa kuwashwa, kumbe ndani ya kokwa kuna dawa. Lakini kijiko kimoja cha unga ule kina kiasi gani? Hakuna ajuaye, wala yeye. Baba atakuwa anakunywa dawa juu ya dawa, na daktari akijaribu kupima dozi anapima gizani. Ikiwa ameshaonja, mwambieni daktari bila ya haya. Mficha uchi hazai.

Hijama sitabishana nayo kama ibada ya mtu. Lakini kuchanja shingo ya mzee wa miaka 71 hakutayapa nguvu misuli ya nyuma wala kuyalegeza ya mbele, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda mtaona kilichowaleta. Kuchua kwa mafuta ya nazi, taratibu, mabegani na nyuma, sina neno, kunampumzisha. Mchuaji anayeshika kichwa akakivuta kwa nguvu ili "kukirudisha" asivuke kizingiti.

Kola ya kakako inataka maneno zaidi, maana imenunuliwa kwa mapenzi. Kola haitibu. Ikivaliwa kutwa, misuli ile dhaifu inapata likizo na kuzidi kudhoofika, na taya linafungika asiweze kutafuna wala kumeza vizuri. Kwa joto hili letu na jasho, ngozi ya kidevu itachubuka kama ilivyoanza. Itumike kwa vipindi vifupi, labda nusu saa mgeni anapokuja au anapovuka barabara kwenda kupanda tuktuk, na ivuliwe wakati wa kula. Zipo aina nyepesi za waya zinazoshika kidevu tu na kuacha shingo ipate hewa. Mtu wa fiziotherapia atakwambia kama inamfaa. Lile chubuko lioshwe, likaushwe kwa kugusagusa, na kati ya kidevu na kifua uweke kitambaa cha leso kuukuu kilichofuliwa, kibadilishwe kila kikilowa. Mkiona usaha au harufu, aonwe.

Fiziotherapia ndiyo iliyo na kazi ya kila siku. Watamfundisha, akiwa amelala chali, kukikandamiza kisogo kwenye mto, kuhesabu mpaka tano na kuachia. Na akiwa ameketi, kurudisha kidevu nyuma huku mgongo umeegemea ukuta. Ni mazoezi madogo, yanachosha, na hufanywa wakati dawa imeshika. Mwulize pia mtaalamu huyo urefu wa bakora yake. Bakora fupi humvuta mtu chini. Wapo wanaofanyiwa vizuri na fremu ndefu ya kuegemeza mikono hadi viwiko, kifua kikapanda na kichwa kikafuata, ingawa vichochoro vya Kuze sijui kama vitaipitisha. Vipimeni kwanza.

Utasikia pia habari za sindano za botulini. Ni kweli zipo, huilegeza misuli inayovuta. Kwa shingo iliyoinama mbele matokeo yake ni ya kubahatisha, na ikichomwa pasipo pake kumeza kunaharibika. Ni kazi ya mtaalamu anayeongozwa na kipimo, si ya kuharakia.

Ninaloliogopa zaidi ya kichwa chenyewe ni koo. Kidevu kikiwa kifuani chakula hushuka kwa shida, mate humwagika, na kidogo kikipotea njia kwenda kwenye mapafu huleta nimonia. Mkalishe wima, nyonga nyuma kabisa kwenye kiti, miguu imekanyaga chini. Kijiko kidogo, ameze, ndipo kingine. Uji wako si mbaya, uzito wake unamfaa kuliko chai nyepesi. Maji na madafu anywe kwa mrija, kwa sababu hawezi kukirudisha kichwa nyuma kumalizia kikombe. Lakini akikohoa kila akinywa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acheni na mwelezeni daktari, wana watu wa kupima kumeza. Asilale baada ya kula kwa nusu saa. Levodopa aipate kama nusu saa kabla ya mlo, maana samaki na maharagwe huigombania njia tumboni.

Akiwa hali wala hafanyi mazoezi, mpumzisheni kwenye kiti kinacholala nyuma kidogo, uzito wa kichwa ubebwe na kiti badala ya shingo. Mara nyingi hapo hapo uso huonekana.

Mamako. Najua anachokiona. Kwetu mtu mzima akiinamisha kichwa mbele za watu ni mwenye haya au mwenye makosa, na yeye hataki mumewe adhaniwe hivyo. Basi mwambie, kwa adabu, kwamba kila akisema "inua kichwa" mbele ya wageni ndiyo anawaambia wageni kuwa kuna jambo la kuonewa haya. Na Baba pengine hata hahisi kuwa kimeshuka kiasi hicho. Wagonjwa wengi huhisi wako wima. Amwekee mkono begani. Au amwambie aguse kidevu kwa vidole viwili. Kwa baadhi ya wagonjwa mguso mdogo huo hukipandisha kichwa kwa muda, wala hapana ajuaye vizuri kwa nini.

Nanyi wengine teremkeni. Kuna mbuzi jikoni kwenu, nina hakika. Akija mgeni, mwekee mbuzi ya kukunia nazi mbele ya kiti cha Baba, aketi hapo chini, ataje jina lake kabla ya salamu. Yule mpwa wa Oman alisimama, ndiyo maana alipata kuulizwa viatu. Gazeti na simu viwekwe pajani. Televisheni iteremshwe kwenye kiti kifupi. Zipo na miwani za prisimu, hutengenezwa kwa wanaosoma wakiwa wamelala, zinazokunja njia ya macho hata mtu aliyeinama akaona mbele. Zikipatikana ajaribu akiwa ameketi, asitembee nazo.

Msikiti asiukose kwa maneno ya mtu mmoja. Imamu aelezwe, kwa dakika moja, kuwa mzee ana maradhi ya shingo. Aketi kwenye kiti safu ya nyuma karibu na nguzo. Nakuhakikishia atakayelisema tena lile neno atajibiwa na safu nzima. Na kabla Ramadhani nyingine haijaingia, imamu huyo huyo aje kuzungumza naye habari ya mgonjwa na saumu. Kwenu ninyi hatasikia, ni mkaidi kama washonaji wote ninaowajua.

Kama kichwa kitarudi? Ikiwa ni dawa, na ikibadilishwa mapema, kinaweza kupanda sana, na huchukua wiki hadi miezi. Ikiwa ni Parkinson yenyewe, mtakipunguzia kushuka na kumpunguzia maumivu, lakini sikuahidi kichwa cha zamani. Muda uliopita ni mfupi bado. Ndiyo maana nasema kesho.

Imebaki kofia. Inamvuka kwa sababu alijipimia alipokuwa na kichwa kilichonyooka, na pengine amepungua mwili pia. Muulize yeye namna ya kuipunguza mzunguko. Mikono yake haiwezi tena kutunga uzi, yako inaweza. Keti kwenye hiyo mbuzi, shika kofia pajani pake, yeye aongoze na wewe ushone. Yote hayo yako pale pale anapotazama.